Kijitabu cha maisha ya Zane Grey: nitajuaje mwaka, na pini za kutu nizitoe?

Mkusanyaji_Igoma
Wakuu, habari za jioni. Nina ugonjwa wa kuokota karatasi ambazo wenzangu wanafungia karanga. Juzi pale Makoroboi nilinunua riwaya ya Zane Grey, yule Mmarekani wa hadithi za wachunga ng'ombe, isiyo na jalada, elfu moja na mia tano baada ya kubishana sana. Kufika nyumbani kikadondoka kijitabu kilichokuwa katikati ya kurasa: kurasa 24, ukubwa wa daftari la mkopo la dukani, kimebanwa kwa pini mbili zilizoota kutu.

Ni wasifu wa huyohuyo Grey, umetolewa na mchapishaji wake ili riwaya zinunuliwe. Kazaliwa Zanesville, Ohio, kacheza besiboli chuoni, kawa daktari wa meno New York, kisha kaachana na meno ya watu akaandika. Kuna picha yake na fimbo ya kuvulia. Baba yangu kavua sangara mpaka mgongo umepinda, nilipomwonyesha akauliza, "Huyu kavua samaki mmoja halafu kapigwa picha?"

Chini imeandikwa Harper & Brothers, 49 East 33rd Street. Mwaka hakuna. Nitaujuaje? Na pini je, nizitoe? Huku ziwani unyevu haunipi nafasi.

Kadogoo
Mkuu, mchapishaji akikusimulia maisha ya mwandishi wake ni sawa na mama wa bwana harusi kumsifu mwanawe. Fungia karanga.

Bibi_Kurasa
Kadogoo, ndiyo maana vinakusanywa. Riwaya zilihifadhiwa, vijitabu hivi vilitolewa bure vikatupwa.

Mwanangu, anza na anwani. Harper walihama Franklin Square wakaenda hapo 33rd Street mwaka 1923, kwa hiyo chako hakiwezi kuwa cha nyuma ya hapo. Sasa fungua mwishoni. Kuna orodha ya vitabu? Nitajie vya mwisho.

Mkusanyaji_Igoma
Shikamoo bibi. Ipo. The Call of the Canyon, The Thundering Herd, halafu The Vanishing American. Basi.

Bibi_Kurasa
Marahaba. Cha kwanza ni cha 1924, hivyo viwili ni vya 1925. Under the Tonto Rim ilitoka 1926, nayo haimo. Basi andika "1925 au 1926 mwanzoni", kwa penseli, tena kwenye bahasha na si kwenye kijitabu. Kuna wachapishaji walioendelea kugawa orodha ya zamani mpaka iishe, kwa hiyo usiape.

Pini zitoe, ila usivute kwa koleo! Fungua kijitabu katikati, inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, kisha zisukume zitokee nyuma, mgongoni. Pitisha uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale. Seloteipu usiiguse kabisa. Ikizeeka inageuka rangi ya chai na gundi inabaki kwenye karatasi. Mfuko wa nailoni uliofungwa nao hapana, kwa unyevu wetu utafuga ukungu humo. Bahasha ya karatasi, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje.

Na ile riwaya usiitenge. Tazama kurasa kilipokuwa kimelala: kama kutu imechora alama za pini, vimekaa pamoja miaka mingi.

Halafu tazama kimenyamazia nini. Dolly, mkewe, ndiye aliyekuwa akisahihisha miswada na kushughulikia mikataba. Hesabu katajwa mara ngapi.

Kadogoo
Haya, karanga nitafungia gazeti. Kinauzwa bei gani?

Mkusanyaji_Igoma
Hakiuzwi.

Bibi, alama zipo! Mistari miwili ya kahawia, ukurasa wa kulia na wa kushoto. Pini moja imetoka salama, ya pili imekatikia ndani, nimeiacha mpaka kesho mchana nipate mwanga.

Dolly nimemkuta mara mbili. Samaki nimeacha kuwahesabu.