Mkono wa vibrato unachezacheza kwenye gitaa: tupeane uzoefu

Solo wa Himbi, Goma
Bandugu, mi napiga solo kwenye korali na ni miezi sasa mkono wa vibrato wa gitaa yangu (ule wa chuma, wa kuyumbisha sauti ya nyuzi) unacheza ndani ya tundu. Nikiuvuta unasogea kwanza bure, nyuzi hazijaitika, kama mlango wenye bawaba zimelegea, na nikiuachia unaanguka chini wenyewe. Kwenye sebene hainisumbui juu hatuugusi, lakini kwenye adorasyo zile za polepole, pale unataka noti ilie kidogo, njo inaniharibia yote. Wa kununua mpya huku haupati kila siku. Mwenye amepitia hii aseme alifanya nini na ilishika muda gani.

Misolo wa Kadutu, Bukavu
Yaya, nenda kenkayeri, duka la vifaa vya ujenzi, uulize tefloni, ule utepe mweupe mafundi wa maji wanazungusha kwenye bomba. Toa mkono, sugua meno yake ya skrubu na brosi ya meno mpaka vumbi liishe, kisha zungusha tefloni raundi mbili ao tatu, lakini angalia, uzungushe upande ule ule mkono unageukia ukikaza, ukifanya kinyume utepe utajikunja wote juu na hautaingia nao. Mi yangu inashika kama miezi mitatu, minne, halafu nabadilisha. Ni dakika tano za kazi.

Mwingine wa Majengo, Goma
Msitie gundi jamani!! Mi nilitia ile gundi kali ya kushika papo hapo, mkono ukaganda, ukavunjikia ndani ya bloki (kipande cha chuma chenye lile tundu) tukiwa safarini juu ya pikipiki. Kipande kilitoka baada ya siku mbili. Gitaa ikisafiri mkono unatoka, unafungwa pembeni, hii sibishani na mtu.

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi
Tefloni ni nzuri lakini kwanza ujue sababu. Nimepokea gitaa nyingi za aina ya Stratocaster na karibu nusu shida ilikuwa mkono sio wa gitaa ile. Zile Stratocaster za kampuni ya Fender za Marekani zenye mkono wa kukaza, meno yake ni ya inchi, 10-32 (meno 32 kwa inchi), unene karibu milimita 4.8, na nyingi zinatoka Asia ni milimita 6 ao 5. Sasa ile ya 4.8 na ile ya 5 zinadanganyana sana, hatua ya meno, yaani nafasi toka jino mpaka jino, karibu ni moja, kwa hiyo mkono wa Marekani unaingia kwenye tundu la 5 bila shida na unacheza milele, utaweka tefloni mpaka uchoke. Na ukilazimisha wa 5 kwenye tundu la 4.8 unakula meno ya bloki. Pimeni na pied à coulisse, kile kipimo cha unene, kila fundi wa kukereza vyuma huku anayo.

Kama meno ya bloki ya 4.8 ao ya 5 yameisha kabisa, mi natoboa na foreti ya 5 kisha napitisha taro ya M6, chuma cha kuchonga meno mapya ya milimita 6, halafu natafuta mkono wa 6. Bloki ukiitoa usisahau resori (springi) za nyuma, zilegeze kwanza. Nyingi za bei ndogo bloki ni zinki, laini, fanya polepole na mafuta, rudisha taro nyuma kila nusu raundi.

Na kuko kitu watu hawakijui: Fender nyingi za Marekani zilikuja na resori ndogo sana chini ya tundu, inasukuma mkono juu ili meno yabanane. Mtu anageuza gitaa, resori inaanguka, hakuna mtu anaona. Ya kalamu ya kubonyeza inafaa, kata kipande cha milimita 5 hivi.

Dada wa Katuba, Lubumbashi
Wenye Floyd Rose, ile aina ingine ya vibrato, ni tofauti, msifuate hizo za tefloni. Kuko pete ya kukaza pale mkono unaingia, kaza na vidole mpaka ubaki pale unauacha. Ikiendelea kucheza, rondeli (washa) za plastiki ndani zimelika.

Solo wa Himbi, Goma
Aksanti sana wote. Nimepima: tundu ni la 6 na mkono ni wa 6, kwa hiyo sio mkono wa gitaa ingine. Tundu lilijaa vumbi nyeusi ya huku kwetu, ile ya mawe ya volkano, nimetoa na kijiti cha masikio na petroli kidogo. Nikaweka resori ya kalamu, tefloni raundi mbili tu. Jana wakati wa mahubiri niliacha mkono umegeukia nyuma, saa nzima, niliposhika gitaa tena ulikuwa palepale, na noti ya kwanza iliitika bila ile nafasi ya bure.