Nimeagiza fulana 32 za ukoo, kila moja na namba yake. Nimeletewa "Mjukuu Na. 7" kumi na moja!

Wakuu, salaam. Naandika nina hasira, mnivumilie.

Bibi yetu anatimiza miaka 80 Jumamosi hii na wajukuu wote tunakutana Moshi. Mimi na kiherehere changu nikajitwisha kazi ya sare. Nikaona duka moja la mtandaoni (silitaji, uzi usije ukafutwa) linajitangaza kwamba wanakutengenezea fulana yenye jina lako hata ukitaka moja tu. Unafungua tovuti yao, unachagua rangi na saizi, unaandika maneno ya mgongoni, na fulana inakuzungukia pale kwenye kioo cha simu na maneno yako. Nilikesha mpaka saa saba usiku nikijaza moja moja: Mjukuu Na. 1 hadi Na. 31, na ya mwisho "Bibi Mwenyewe". Elfu kumi na nane kila moja, jumla 576,000, na wanataka hela yote kabla hawajagusa mashine. Nikalipa.

Mzigo umefika jana. Na. 7 ziko kumi na moja. Kuanzia 12 hadi 21 hakuna hata moja. Na ya bibi, jamani, mgongoni imeandikwa ANDIKA JINA HAPA. Herufi kubwa, rangi ya dhahabu. Skrinishoti ya oda yangu ninayo.

Nikapiga simu. Kijana ananijibu bila aibu: "Dada, ile tovuti inatuma oda WhatsApp, halafu sisi tunaziandika upya kwenye kompyuta ya mashine. Labda aliyenakili alichoka."

Alichoka! Sasa ile fulana inayozunguka kwenye kioo ilikuwa ya kazi gani? Dell walianza kuuza kompyuta kwenye intaneti mwaka 1996. Mteja anachagua prosesa, memori, diski, na alichobofya ndicho kinachokwenda kiwandani. Kompyuta inaunganishwa oda ikishaingia. Vipuri ni vilevile kwa kila mtu, kinachobadilika ni mpangilio tu, ndiyo maana wanaweza kumhudumia kila mteja kivyake bila bei kupaa. Hawa wa kwetu wamechukua yale matamu: hela ya mteja mbele, stoo tupu (fulana zenyewe wanakimbilia Kariakoo ukishalipa). Kile kiungo cha kutoka kidole changu mpaka kwenye mashine wamekiacha, wakamweka kijana aliyechoka.

Na ubora ndiyo usiseme. Nimefua moja kujaribu, maandishi yamepauka kama yameshinda juani mwaka mzima. Wametumia ule wino wa kuchomwa kwa joto unaoshika kwenye poliyesta, wao wakaupiga juu ya pamba. Fundi yeyote wa chapa analijua hilo.

Nikadai hela. Jibu: "Bidhaa ya oda maalumu hairudishwi." Kisha tiki mbili za bluu na kimya mpaka sasa. Hata Ulaya, ambako mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kughairi, kitu kilichotengenezwa kwa maelekezo yake hakimo. Sawa, naelewa, fulana ya Mjukuu Na. 7 watamuuzia nani mwingine? Lakini hiyo ni kwa mtu aliyeghairi. Mimi sijaghairi kitu, nilichoagiza sijaletewa! Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Nimewatumia hilo pia, wamesoma.

Kesho nakwenda Tume ya Ushindani na fulana ya bibi mkononi. Aliyewahi kupeleka malalamiko pale aniambie wanataka karatasi gani, maana risiti yangu ni meseji ya muamala tu.

Na kama kuna mwenye mashine hapa Dar anayeweza kunitolea fulana kumi na moja kabla ya basi la Ijumaa alfajiri, anicheki PM. Majina nitakuja kuyaandika mwenyewe, nimekaa hapo hapo pembeni ya mashine.