Wetisuti ya kipande kimoja, ya vipande viwili au draisuti kwa maji ya Cape Town?

MtangaMbizi
Habari za leo wakuu. Nimekulia Tanga, kuzamia kwangu kulikuwa kaptula na miwani basi. Sasa niko Cape Town na nataka kuzamia kwenye misitu ya mwani, kwa pumzi tu, bila mtungi. Jumamosi niliazima wetisuti (suti ya mpira inayobana mwili kuzuia baridi) yenye unene wa milimita 3, nikaingia upande wa Atlantiki. Dakika 15 tu vidole vikafa ganzi, nikashindwa kufungua mkanda wa risasi, yaani ule wa vipande vya madini mazito vya kusaidia kuzama. Nilitoka na hofu. Pesa niliyonayo ni ya suti moja. Ipi: wetisuti ya kipande kimoja, ya vipande viwili, au draisuti, ile isiyoingiza maji kabisa?

Mawimbi_Muizenberg
Pole sana mkuu. Milimita 3 ni ya False Bay, ghuba ya upande wa pili wa rasi, wakati wa kiangazi. Na jua lisikudanganye: upande wa Atlantiki, kiangazi ndipo maji yanapozidi ubaridi. Upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kwenda mbali, ya chini yanapanda, hata nyuzi 10.

Mimi ni mtu wa kuteleza mawimbini kwa ubao, navaa kipande kimoja: milimita 4 kiwiliwili, 3 mikononi na miguuni ili mabega yawe mepesi. Yoyote utakayochagua, kagua mishono. Ule wa bapa sindano imetoboa mpaka ndani, na kila tundu linapitisha maji. Tafuta uliogundishwa kwanza, kisha ukashonwa bila kutoboa upande wa pili.

BintiPwani
Kwa pumzi, suti ya mawimbi haikufai kaka. Chukua vipande viwili, milimita 5, kofia imeungana na koti, ndani hakuna kitambaa, niopreni tupu (ule mpira laini wa suti). Inanata kwenye ngozi, maji hayapati njia. Kuivaa: chupa ya maji ya uvuguvugu, kondishena ya nywele kidogo, tikisa, mimina ndani, suti inateleza yenyewe. Usiivute kavu. Yangu ya kwanza niliichana kwapani kwa ukucha siku ileile niliyoinunua, niliumia sana.

Halafu risasi: niopreni ni vipovu vya gesi. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya juu, vipovu vinasinyaa, suti haitunzi joto kama mwanzo, na wewe huelei tena kama mwanzo. Usijaze risasi kwa kuangalia unavyoelea juu.

FundiGundi
Draisuti ifute kwenye orodha. Inataka hewa ya mtungi uijaze unaposhuka, la sivyo inakubana mwili. Ni ya wanaokaa chini muda mrefu, na ina mafunzo yake.

Naomba nisisitize utunzaji. Suti nyingi ninazoletewa hazikufa baharini, zimekufa uani: jua kali, maji moto, mashine ya kufulia. Suuza kwa maji ya bomba ya baridi, ndani na nje, anika kivulini. Usiitundike mabegani kwenye henga nyembamba, maana uzito wa maji unavuta mabega mpaka yanakonda. Ikunje kiunoni juu ya fimbo nene.

Ikichanika, ikauke kabisa kwanza. Paka gundi ya niopreni pande zote mbili, subiri mpaka isishike kidoleni, paka mara ya pili, subiri tena, ndipo ubane. Watu wanabana ingali mbichi, wiki ya pili imeachia.

MtangaMbizi
Nimetoka dukani. Muuzaji alininyunyizia poda ndani ili niweze kuijaribu. L ilikuwa na pengo mgongoni, ngumi inaingia. M nilidhani ndogo, lakini nilichuchumaa, nikanyoosha mikono juu, nikavuta pumzi ya tumbo, haikunikaba. Nimechukua M, na glavu na soksi za milimita 3. Dada BintiPwani, kondishena yoyote?

BintiPwani
Chagua inayooza kirahisi, maana yote inaishia baharini. Jumapili alfajiri tunaingia Simon's Town, upande wa False Bay, njoo tuwe pamoja. Na kabla hujashuka, fungua na kufunga ule mkanda ukiwa umevaa glavu, mara kumi, macho umefumba.