Naomba ushauri: ubao wa menyu niandike majina ya kwetu au ya huku?

MamaMoro
Wakuu, habari zenu. Mimi kwetu Morogoro, huu mwezi wa nne nauza chakula Nairobi. Kupika si tatizo, na wateja nashukuru wapo. Kinachonitoa jasho ni majina.

Wiki ya kwanza kaja kijana, kakaa, kaagiza: "Mama, karanga na chapo mbili." Chapo nikajua ni chapati. Karanga na chapati nikaona ajabu kidogo, ila kila mtu na ulaji wake. Nikachota karanga za kukaanga kwenye kopo, nikamwekea kwenye kisosi, na chumvi kwa pembeni. Kijana akakitazama kisosi, akanitazama mimi, akarudi kwenye kisosi. Akauliza taratibu, "Na nyama?" Kumbe huku karanga ni nyama ya mchuzi, ile ya kuunga na nyanya na vitunguu! Karanga zenyewe wanaziita njugu. Kwetu ukisema njugu mtu anafikiria njugu mawe.

Sijakaa sawa, mwingine kaulizia ndengu. Nikamwambia arudi kesho. Nikaloweka dengu usiku kucha, nikazichemsha zikalainika, nikaziunga kwa nazi mwenyewe nikajisifu. Kaja, kafunua sahani, kaniuliza hivi ni vitu gani. Alikuwa anataka choroko.

Sasa nataka niandike ubao. Niweke ya kwetu, ya huku, au yote? Ubao ni mdogo, na wanaokula kwangu wamechanganyika: Wakenya wa hapa, madereva wa malori wa Dar na Arusha, na familia moja ya Kizanzibari.

Kibandani254
Pole mama, hiyo ya njugu imenivunja mbavu. Andika ya huku, mtu wa kila siku ni wa huku. Makande andika githeri, kabichi ni kabeji, choroko ni ndengu, maharage ni maharagwe. Maziwa mgando andika maziwa lala, ama mala tu. Na chai uwe makini. Hapa mtu akisema "chai" basi, mletee ya maziwa. Asiyetaka maziwa atasema ya rangi, ama strungi.

MamaMoro
Asante, kumbe ndiyo maana walikuwa wanairudisha! Mimi nawapelekea ya rangi, wao wanangoja maziwa.

BiKarafuu
Kibandani, usimpoteze mwenzio. Na hao Wazanzibari je? Kwetu nyanya ni tungule, viazi mviringo ni mbatata, kitunguu saumu ni thomu, choroko twasema chooko. Hayo majani ya kunukia, huko bara mwayaita giligilani, wa Nairobi wanasema dania, sisi kotmiri. Jani hilo hilo moja!

Kibandani254
Bi Karafuu, nani anaandika dania kwenye menyu? Hiyo inabaki jikoni.

BiKarafuu
Inabaki jikoni mpaka umtume mtoto sokoni.

PwaniNiKwetu
Watu wa Mombasa mmetusahau. Ugali kwetu ni sima, na hizo ndengu zenu ni pojo. Lakini nimekuja kwa jambo moja: mama, ukipika maandazi ya kawaida usiyaandike mahamri ili kuturidhisha. Hamri lina nazi na iliki, na mwenziwe ni mbaazi za nazi. Mtu wa pwani akiuma andazi lililoitwa hamri, kesho humwoni.

SatoWaMwanza
Mnamjazia dada majina tu, ubao hautatosha. Mimi natoka Mwanza, nimefanya biashara ya samaki upande wa Kisumu. Dagaa kule ni omena, ukivuka Uganda ni mukene. Sangara wanamwita mbuta. Hayo hayakuwahi kunitia hasara, maana mtu asipolijua jina anauliza, unamwonyesha samaki, mnaendelea.

Hasara iko kwenye jina ambalo wote wawili mnalijua, kila mtu na lake. Karanga. Dengu na ndengu. Chai. Hayo usiyaache peke yake ubaoni. Andika "karanga ya nyama", "chai ya maziwa", "chai ya rangi". Ndengu iandike ndengu, na siku ukipika dengu zako za nazi ongeza maneno mawili kwamba si ndengu. Mengine yote fuata ya huku kama alivyosema Kibandani, dereva wa Dar akiona githeri atauliza.

Halafu kuna "sembe". Kwetu ni unga uliokobolewa, tofauti na dona. Hapo Nairobi mtu anaweza kuagiza sembe akimaanisha ugali wenyewe. Mpe ugali, usimletee unga.

MamaMoro
Nimefuata ya SatoWaMwanza, ubao nimeuandika jana kwa chaki. Karanga ya nyama imekwisha kabla ya saa nane, na yule kijana wa kisosi amerudi, kasoma, kacheka peke yake.

Ila kuna moja hakuna aliyenitahadharisha. Leo mchana nilitoka kidogo, nikamwacha msaidizi wangu, binti wa hapa hapa. Kaja dereva wa Arusha, hata ubao hakuutazama, kauliza, "Leo mboga gani?" Binti kamjibu vizuri tu kwa adabu: "Sukuma na kabeji." Dereva kashukuru, kaondoka. Kwetu mboga ni chochote cha kulia ugali, hata nyama. Kwa binti, mboga ni majani. Na sufuria zima la samaki wa nazi lilikuwa jikoni, linafuka.