Msaada: mdudu mwekundu mwenye madoa meupe, ni sungusungu au nini?

Mvuvi_Igombe: Wakuu habari za mchana, nipo Igombe hapa Mwanza, kwenye kichanga karibu na mwalo ambapo wanangu wanacheza peku kuna mdudu anapitapita peke yake jua likiwa kali, mgongo rangi ya tofali, tumbo jeusi lina madoa meupe, hana mbawa na hatulii kabisa. Jirani anasema sungusungu. Nimemfunika na glasi nasikia analia kijisauti chembamba. Je ana sumu?? Nimwage dawa?

NyukiBwiru: Mkuu huyo ni nyigu, tena jike. Madume yao yana mbawa na hayadungi, majike ndo hayana mbawa na mwiba wao ni mrefu balaa. Mwache humo humo kwenye glasi umcheki kiuno, sungusungu ana kinundu kimesimama kabla ya tumbo na papasi zake (vile vipembe vya kichwani) zina kiwiko kirefu, huyu hana hicho kinundu, kifua chake ni kipande kimoja kigumu na ana manyoya ka mahameli. Sauti isikuamulie, hata sungusungu wanalia ukiwachokoza. Na sungusungu utawaona kwa msafara, huyu siku zote yuko peke yake.

MamaKayenze: Kaka wavalishe watoto kandambili na uwaambie wasimshike, basi. Hakimbizi mtu, anadunga akikanyagwa au akibanwa, ila maumivu yake si mchezo. Akidungwa mtu osha na sabuni weka barafu, uso ukivimba au pumzi ikibana usisubiri kitu, hospitali.

NyukiBwiru: Na dawa usimwage tafadhali, hana kundi wala kichuguu cha kuua. Anatafuta mashimo ya nyuki na nyigu wa ardhini, anataga humo, buu wake anamla yule aliyemkuta ndani. Kuna aina zao hapa Afrika zinataga kwenye pupa za mbung'o (pale buu anapojigeuza kuwa mdudu kamili), sisi wa Kanda ya Ziwa tunamjua mbung'o alivyotutesa!

Mvuvi_Igombe: Asanteni sana, nimecheki kweli kinundu hakuna. Namhamishia kule kwenye mawe mbali na watoto. Jina lake kamili je?

NyukiBwiru: Kwa picha ya simu ngumu mkuu, ziko aina maelfu duniani na za Afrika nyingi zina hiyo hiyo rangi ya tofali na madoa meupe. Familia ni Mutillidae, hapo una uhakika.