Eti "umewahi kutazama nje ya dirisha?" Mimi wa kujibiwa hivyo?!

Wakuu, usingizi umekata. Simtaji jina, wote humu mnamjua. Ni yule yule anayejibu watumiaji wa ile programu ya hali ya hewa ya simuleta ya kurusha ndege, anayejibu kama vile mawingu yote ya dunia hii kayatundika yeye kwa ngazi.

Nilimwandikia kwa adabu zote. Salamu, shukrani kwa kazi nzuri, namba ya toleo, nakala ya METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege), skrinishoti kumi na moja nilizozipanga kwa kimo kuanzia chini hadi juu. Nimesubiri siku nne. Leo jibu limekuja, nalinakili lote lilivyo:

"Umewahi kutazama nje ya dirisha?"

Basi. Hakuna salamu, hakuna nini. Na tiketi, yaani ombi langu la msaada, kaifunga.

Ngoja niwaeleze nilichouliza ili muone ukubwa wa dharau. Kabla ya apdeti hii tulikuwa na vitu vitatu kwenye mipangilio: umbali wa juu kabisa wa kuona, unene wa utusitusi (ule ukungu mkavu wa vumbi na moshi hewani), na kimo ambacho utusitusi unaishia. Wamevifuta vyote vitatu, wamebandika kijiti kimoja cha kusogeza kinachoitwa "uwazi wa anga", sifuri hadi mia. Sifuri ni maziwa. Mia ni maziwa yaliyotiwa maji. Ukikiweka sitini milima inatokea kama imekatwa kwa mkasi ikabandikwa kwenye karatasi nyeupe. Nimekisogeza hicho kijiti hadi kidole kina sugu.

Jana usiku ripoti ya uwanja ilisoma 5000 HZ. Sawa, mita 5000, utusitusi mkavu, sina ugomvi. Nikapaa. Futi 3,000, maziwa. Futi 10,000, maziwa. Futi 35,000 wakuu, MAZIWA. Bawa la kulia lilikuwa linaniuliza la kushoto liko wapi. Kwa umbo la dunia peke yake, ukiwa kimo kile upeo wa macho uko kama kilomita 370 mbele yako. Mimi nilipewa kilomita tano.

Ile 5000 imepimwa chini, pale uwanjani, na kifaa kilichosimama ardhini au mtu aliyesimama ardhini. Haisemi chochote kuhusu futi 35,000! Utusitusi mara nyingi unafungiwa chini, pale hewa ya juu inapokuwa na joto kuliko iliyo chini yake, inakuwa kama sufuria na mfuniko. Unapanda, unapanda, kila kitu kimefifia, halafu unautoboa mfuniko na dunia inafunguka, na ukigeuza shingo unauona mstari wa kahawia umelala chini yako umenyooka kama umepigwa rula. Mstari ule ndio niliouomba. Nirudishieni kimo cha tabaka, basi.

Na ripoti ikisoma 9999 je? Maana yake ni kilomita 10 AU ZAIDI. Programu inajenga ukuta kwenye kilomita 10 kamili, kama vile kule mbele dunia imeisha na wameweka mlinzi.

Nimeandika yote haya, mtu ananiuliza kama nimewahi kutazama nje ya dirisha. Mimi! Nikipanda ndege ya kweli siti yangu ni ya dirishani na shingo huwa inauma hadi kesho yake kwa kutazama nje ya hilo dirisha. Dirisha!

Gurudumu la Mbele: Nimevuta kiti. Endeleeni.

Mkia wa Ndege: Mkuu, jibu bado hujatoa. Umewahi au hujawahi? 😂😂

Bawa la Kushoto: Huyo bwana namjua. Mwaka jana nilimweleza mawingu yanatokea ghafla mbele ya pua kama mtu kawasha taa, akanijibu "mbona kwangu hayatokei". Na tiketi yangu nayo aliifunga. Mkono wake mwepesi kufunga kuliko kufungua.

Futi Mia Mbili: Yaani povu lote hili kwa mita 5000? Wenzako tunashuka kwa ILS (mawimbi ya redio yanayoongoza ndege kutua) ya daraja la kwanza, mita 550 za kuona njia, futi 200 uamue unatua au unapaa tena, na hatujafungua uzi. Mita 5000 ni mchana kweupe huo.

Mleta uzi: Soma kwanza mkuu. SIJALALAMIKIA KUTUA. Nalalamikia futi 35,000. Na nalalamikia dirisha. Kama hajui jibu angesema "tutaliangalia", ningelala. Lakini "umewahi kutazama nje ya dirisha"? Mtu aliyeleta skrinishoti kumi na moja?

Mkia wa Ndege: Kumi na moja za maziwa. Angefunguaje tiketi, angefungua duka la maziwa.

Rula na Ramani: Mimi nipo na mleta uzi. Sisi tunaoruka kwa macho, bila kutegemea vyombo, ndio tumekwisha kabisa. Sheria inataka kilomita 5 za kuona ukiwa chini ya futi 10,000, na 8 ukizidi hapo. Sasa programu inakupa 5 juu na chini, ina maana ukivuka futi 10,000 umeshavunja sheria bila kugusa kitu. Zamani kwenye FSX, ile simuleta ya Microsoft, uliweka tabaka lako na kimo chake ukaendelea na safari. Kitu cha 2006 kile!

Jicho la Jua: Kuna jambo mleta uzi kalisahau, nalo ni zito kuliko hilo la kimo. Utusitusi haulingani pande zote. Ukielekea jua unakuwa ukuta unaong'aa, mwanga unapita kwenye chembe na kukumwagikia usoni. Geuka ulipe jua kisogo, anga ile ile inakaa safi na unaona mbali. Rubani yeyote aliyetua jioni akilitazama jua anajua mateso yake. Kijiti cha "uwazi wa anga" kinapaka rangi moja pande zote nne. Hicho ndicho cha kudai.

Mleta uzi: Cha kudai ni VYOTE VIWILI. Na wewe angalau umeandika kama mtu mwenye macho. Ungemjibu wewe badala ya yule.

Bawa la Kushoto: Nyie wa utusitusi mna nafuu. Mimi nipo futi 37,000, upepo wa mgongo, abiria wangu wa kufikirika wamelala, upepo unageuka nyuzi 180 ndani ya sekunde moja. Kengele ya mwendo kupita kiasi inalia, otopailoti inajitoa, ndege inayumba kama ina degedege. Halafu eti "hali ya hewa halisi".

Futi Mia Mbili: Hiyo ya upepo ni kweli, hapo nakuunga mkono. Washa ulainishaji wa upepo kwenye mipangilio.

Bawa la Kushoto: Nimewasha tangu mwezi uliopita. Sasa hivi inageuka kwa sekunde mbili.

Gurudumu la Mbele: 😂😂😂 nimemwaga chai kwenye kibodi

Mleta uzi: Jamani uzi unahusu utusitusi. Na dirisha.

Rula na Ramani: Bawa, hiyo ndege kuyumba hivyo inaweza isiwe upepo. Pedali zako za simuleta umezipima upya? Zangu zilikuwa zinatuma ishara hata nikiwa sijazigusa, pua inakwenda kulia peke yake.

Bawa la Kushoto: Zangu zinakwaruza pia. Nikikanyaga usukani wa mkia usiku nyumba nzima inaamka. Nimeambiwa nisikanyage baada ya saa nne.

Jicho la Jua: Umepaka nini?

Bawa la Kushoto: Mafuta ya cherehani.

Jicho la Jua: Futa haraka hayo, yanakusanya vumbi. Tafuta grisi ya silikoni, ile isiyokula plastiki. Fungua skrubu za chini kwanza, usianze na springi, itakurukia.

Mleta uzi: Kuna mtu yeyote bado analo toleo la kabla ya apdeti? Nipeni tu lile lenye kimo.

Mkia wa Ndege: Skrubu za chini ni ngapi? Nimefungua nne na bado haitoki.

Jicho la Jua: Kuna ya tano chini ya kibandiko cha mpira.

Mkia wa Ndege: Imetoka. Springi imenirukia.