Naomba ushauri: taa za dharura umeme ukikatika

Habari zenu wakuu. Hapa kwetu Mbagala umeme unakatika jioni, watoto wakiwa kwenye homework. Juzi mwanangu kaangusha mshumaa juu ya daftari, kurasa zikashika moto, nikazima kwa kanga mbichi iliyokuwa kwenye beseni. Mishumaa sitaki tena kuiona.

Balbu za kuchaji nimenunua mara mbili. Miezi michache tu, hazimalizi hata saa moja. Sasa nawaza betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaotunza), na balbu mbili za LED za wati 5. Kwa hesabu yangu nitapata kama saa 4 bila kuimaliza zaidi ya nusu.

Nichukue ya asidi au lithiamu? Na sola ya wati 20 itaijaza kwa siku moja? Aliyefunga anieleweshe tafadhali.